Je, kile kiplastiki cha zahanati kinasema kweli?

Wasikilizaji wangu, na ninyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya kupitia gazetini, leo naomba tuziweke kando habari za barabara na bei ya mawese. Nina deni la kulipa. Deni lenyewe nimelipata sokoni Mwanga, hapa Kigoma, siku nilipokwenda kutafuta migebuka, na aliyenibebesha ni mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima wa kutosha kunizaa.

Aliitambua sauti kabla ya kuitambua sura. "Baba, si wewe ndiye yule wa redioni?" Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akatua kikapu chake chini, nami nikajua hapo sitoki upesi.

Kisa chake ni hiki. Anaye mjukuu wa miaka minne. Mtoto alishikwa na homa, akampeleka zahanati, akatobolewa kidole, damu ikadondoshwa kwenye kile kiplastiki cheupe mnachokijua, ikatokea mistari miwili myekundu. Malaria. Akapewa dawa ya mseto, akameza siku tatu, akapona. Wiki mbili baadaye homa ikarudi. Safari hii alikimbilia mahali pengine palipo karibu zaidi, wakatoboa kidole tena, mistari miwili tena, mseto tena. Lakini mtoto hakupata nafuu. Alikohoa usiku kucha na mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Na katika wiki hiyo hiyo binti wa jirani naye alipimwa akiwa anachemka kama uji, ukatokea mstari mmoja tu, akaambiwa hana malaria arudi nyumbani. Jirani hakukubali. Alipita dukani akanunua mseto kwa fedha zake.

"Sasa mwanangu," akaniambia yule mama, "wewe unayejua kuwauliza wakubwa, hebu tuulizie. Kile kiplastiki kinasema kweli, au kinatubahatisha?"

Sikuwauliza wakubwa. Nilimwendea bwana mmoja wa maabara tuliyefahamiana tangu enzi za kaseti, nikakaa naye jioni mbili, kisha nikasoma nilichoweza kusoma. Majibu yamenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia: hadi kwenye dhahabu, hadi kwenye sumaku, na hadi kwa mzee mmoja wa London aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Lakini kwanza tujue kwa nini swali la mama huyu ni zito kwetu kuliko kwa mtu wa Arusha. Mwaka 2017 ulifanyika uchunguzi wa malaria wa nchi nzima, wakapimwa watoto wa umri wa miezi sita hadi miaka mitano kasoro kidogo. Kwa Tanzania Bara yote walioonekana na malaria walikuwa kama 7 katika kila 100. Kwa Kigoma walikuwa 24. Mkoa wetu ukashika nafasi ya kwanza, nafasi ambayo hakuna aliyeishangilia. Anayelijua bonde la mto Luiche pale unapomwaga maji yake ziwani, na mashamba ya mpunga yaliyolizunguka, hahitaji kuelezwa mbu wanatoka wapi.

Tena homa yetu ina historia. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Daktari Livingstone alikutana na Stanley chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871. Hawafundishwi sana kwamba alifika Ujiji kwa mara ya kwanza mwaka 1869 akiwa mgonjwa wa kubebwa. Sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kuibwa njiani tangu mwaka 1867, na mwenyewe aliandika kwamba siku hiyo alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo. Ndani ya sanduku mlikuwa na kwinini. Livingstone alikuwa akitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwinini ikichanganywa na dawa za kuendesha tumbo, na vilimsaidia sana. Dawa aliijua. Ugonjwa hakuujua. Alipofariki mwaka 1873 hakukuwa na mtu duniani aliyekwisha kumtambua mdudu wa malaria.

Sasa turudi kwenye kiplastiki. Ndani yake kuna kikaratasi chembamba, na kazi yake ni ile ile ya utambi wa koroboi. Mtaalamu anaweka tone la damu mwisho mmoja, anaongeza matone ya maji ya dawa, maji hayo yanazipasua chembe nyekundu za damu, na vyote vilivyokuwamo vinaachiwa. Halafu mchanganyiko unaanza kupanda kwenye kikaratasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Njiani unakuta askari wamelala. Askari hao ni kingamwili, yaani protini za kumkamata adui ambazo hata miili yetu hutengeneza. Hizi zimetengenezwa kiwandani kutokana na chembe hai za panya, na kila moja inamfahamu adui mmoja tu. Adui anayetafutwa si mdudu mwenyewe. Ni protini ambayo mdudu wa aina ya falsiparamu, yule hatari anayetuua sisi Waafrika, huimwaga kwenye damu. Wataalamu huiita HRP2. Maji yakifika, askari wanaamka, wanaikamata protini kama ipo, na wanaendelea kupanda nayo.

Mbele kidogo kuna askari wengine waliogandishwa kwenye mstari, hawatoki pale. Nao wanaishika protini ile ile kwa upande wa pili. Basi kila askari msafiri aliyebeba protini ananaswa hapo. Wasiobeba kitu wanapita, wanakwenda kunaswa kwenye mstari wa mwisho, ambao kazi yake ni kuwakamata wasafiri wote watakaofika, wenye mzigo na wasio na mzigo. Ndiyo maana mstari huo wa mwisho lazima uonekane kila mara. Usipoonekana, kipimo kimekufa na jibu lake halifai, hata kama mstari wa malaria umetokea.

Hapo nikamwuliza rafiki yangu: hao askari ni wadogo kiasi kwamba hata hadubini ya zahanati haiwaoni. Hiyo rangi nyekundu inatoka wapi? Akacheka. "Wamebebeshwa dhahabu," akasema.

Nilidhani ananitania. Si utani. Kila askari msafiri amebandikwa kwenye chembe ya dhahabu. Chukua milimita moja uigawe mara milioni moja. Kila kipande ni nanomita moja. Chembe hizo aghalabu zina nanomita 20 hadi 40. Na hapa ndipo dhahabu inapofanya kioja chake: ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai njano tena, inakuwa nyekundu kama divai. Sababu ni kwamba elektroni zilizo juu ya chembe hizo huchezeshwa na mwanga, na kwa ukubwa huo zinacheza sawasawa na mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa, wekundu unabaki. Chembe chache huzioni. Zikijipanga maelfu kwa maelfu kwenye mstari mmoja, hata bibi asiye na miwani anaona.

Wa kwanza kuichunguza dhahabu nyekundu kisayansi alikuwa Mwingereza Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujalidi vitabu. Mwaka 1857 aliwaeleza wanasayansi wenzake mjini London kwamba maji yale mekundu aliyoyatengeneza yalikuwa na dhahabu halisi, ila imegawanyika mno. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London hadi leo. Lishikeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Kwa hiyo, mama, jibu la kwanza ni kwamba kiplastiki hakibahatishi. Kinajibu swali moja: je, protini ya mdudu imo ndani ya damu hii? Tatizo ni kwamba sisi tunakiuliza swali lingine. Tunakiuliza: je, homa hii ya leo inatokana na malaria? Maswali hayo mawili yanafanana lakini si ndugu wa tumbo moja.

Protini ya HRP2 haiondoki siku mdudu anapokufa. Hubaki inazunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa, wakati mwingine mwezi na zaidi, kama harufu ya moshi inavyobaki nyumbani baada ya jiko kuzimwa. Mtoto aliyetibiwa malaria sawasawa tarehe mosi anaweza kupimwa tarehe 15 na kuonyesha mistari miwili, hali hana mdudu hata mmoja. Hapo ndipo palipomkuta mjukuu wa Ujiji. Mahali pa pili hawakumwuliza bibi kama mtoto alimeza mseto karibuni, na bibi hakujua kwamba ni jambo la kusema. Wakaona mistari, wakafunga ukurasa. Kifua hakuna aliyekisikiliza.

Ama binti wa jirani, mwenye mstari mmoja, yeye alipewa jibu la kweli kwa uwezekano mkubwa. Homa si malaria peke yake. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la sita nilimezeshwa klorokwini mara tatu kwa homa iliyokuwa inakuja na kuondoka, nikiwashwa mwili mzima kama niliyelala kwenye upupu. Siku mganga mmoja mzee alipoiweka damu yangu kwenye hadubini alikuta si malaria hata kidogo. Ilikuwa homa ya papasi. Kosa la zahanati ya binti yule, kama kosa lilikuwapo, halikuwa la kumnyima mseto. Lilikuwa la kumwambia hana malaria na kuishia hapo, bila kumtafutia alichonacho. Mzazi aliyepanda bodaboda na mtoto anayechemka hakwenda kusikia asichonacho.

Hata hivyo nisikipambe kiplastiki kupita kiasi. Joto kali linawaua wale askari, na ghala la bati kwenye mwalo wa wavuvi si mahali pa kuwahifadhi. Tena mdudu ana ujanja. Huko Peru waligundua wadudu waliopoteza kabisa chanzo cha kutengeneza HRP2. Wanaumiza mtu lakini kiplastiki hakiwaoni. Baadaye wadudu wa namna hiyo wakaonekana wengi Eritrea na Ethiopia. Kwetu, sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 katika mikoa kadhaa zilionyesha kuwa bado ni adimu mno. Adimu leo. Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu inaendelea kuwafuatilia, na inafaa ifuatilie.

Je, hakuna njia nyingine ya kumfumania mdudu, njia isiyotegemea protini anayoweza kuacha kuitengeneza? Ipo, na inatokana na taka zake.

Mdudu wa malaria akiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu anakula himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Anakula zaidi ya nusu ya yote iliyomo. Lakini katikati ya himoglobini kuna kipande chenye chuma, na kipande hicho mdudu hawezi kukisaga. Tena kikibaki huru kinamdhuru kama sumu. Basi anakirundika. Anakifunga pamoja na vingine mpaka vinakuwa vijiwe vidogo vya rangi ya kahawia iliyoiva, visivyoweza kumdhuru. Vijiwe hivyo huitwa himozoini.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tunavishambulia vijiwe hivyo bila kujua. Klorokwini ilifanya kazi hapo hapo: ilimzuia mdudu asifunge taka zake, akafa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Baadaye mdudu akapata mbinu ya kuitapika dawa, nasi Tanzania tukaiacha mwaka 2001, tukapita kwenye SP kwa miaka michache, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia kwenye mseto.

Taka hizo ndizo zilizomchongea mdudu tangu mwanzo. Madaktari wa Ulaya walikuwa wakiona madoa meusi ndani ya maiti za watu waliokufa kwa homa tangu miaka ya 1840, wasijue ni ya nini. Tarehe 6 Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akiyafuatilia madoa hayo kwenye damu ya askari mgonjwa, mara akaona kitu chenye madoa kinachezesha mikia. Kilikuwa hai. Na tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, huko Secunderabad, India, aliyaona madoa yale yale kwenye tumbo la mbu, akajua mdudu amepita humo. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, na wote wawili waliongozwa na uchafu.

Sasa tumrudie Faraday. Miaka 12 kabla ya ile dhahabu yake, tarehe 13 Septemba 1845, alipitisha mwanga ndani ya kipande cha kioo kizito kilichowekwa kwenye sumaku kali, akaona kwamba sumaku imeugeuza mwanga. Kwa mara ya kwanza mtu alithibitisha kuwa mwanga na sumaku vinasikilizana.

Kugeuka kwa mwanga maana yake nini? Fikirini wavuvi wawili wa Kibirizi wameshika kamba ndefu, mmoja anaitikisa. Anaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au kimshazari. Mwanga wa jua ni kamba nyingi zinazotikiswa kila upande kwa pamoja. Ukiweka uzio wa matete yaliyosimama wima, mtikisiko wa juu na chini unapita katikati ya matete, ule wa kushoto na kulia unazuiwa. Vipo vioo vinavyofanya kazi ya uzio huo. Hata baadhi ya miwani ya jua inavyo. Mwanga uliokwisha kuchujwa hivyo unatikisika upande mmoja tu, na sasa ukigeuzwa au ukipunguzwa na kitu chochote njiani, unaweza kupima.

Damu yenye afya iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, ingawa ina chuma. Mwaka 1936 Wamarekani Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba jinsi chuma cha damu kinavyoishika oksijeni ndiko kunakoamua kama sumaku itakivuta au la. Katika vijiwe vya himozoini chuma kiko katika hali ya kuvutwa. Kufikia mwaka 1981 wataalamu walikuwa wameonyesha kwamba ukipitisha damu ya mgonjwa kwenye sumaku kali, chembe zenye mdudu aliyekomaa zinanasa na zilizo safi zinapita.

Changanyeni hayo mawili. Vijiwe vya himozoini ni virefu kuliko upana wake, kama mitumbwi midogo. Katika damu iliyopasuliwa vinaelea kila kimoja kikitazama kwake, kama mitumbwi isiyo na nanga. Leta sumaku, vyote vinajipanga. Na kwa sababu kijiwe kikitazama huku kinameza mwanga uliochujwa zaidi kuliko kikitazama kule, kiasi cha mwanga unaopita kinabadilika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzao walichapisha jaribio la namna hiyo mwaka 2008. Wengine wa Budapest, Hungaria, wakaongeza ujanja: sumaku inazungushwa. Ikizunguka, mitumbwi inazunguka nayo, na mwanga unapanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Kama damu haina vijiwe, mwanga unapita kimya. Wengine tena, wa Cleveland, Marekani, walikuja na mashine yao ya jamaa hiyo hiyo.

Mashine ya Budapest ilijaribiwa Papua New Guinea, nchi yenye malaria kama yetu, kwa wagonjwa 956 waliodhaniwa kuwa nayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kati ya kila 100 ambao hadubini ilisema wana malaria, mashine iliwatambua 82. Kati ya 100 ambao hadubini ilisema hawana, iliafiki 84. Si haba kwa sumaku na taa. Lakini fikirini hao 18 waliokosekana wakiwa ni watoto wa Gungu na Katonga, mtaona kwa nini mashine hiyo haijachukua nafasi ya kiplastiki.

Upungufu wake una sababu. Mdudu mchanga, siku ya kwanza ndani ya chembe, hajala vya kutosha kuwa na taka. Mdudu wa falsiparamu akishakomaa na kujaza vijiwe hujificha kwenye mishipa ya ndani, haji kwenye kidole. Na vijiwe vyenyewe humezwa na chembe nyeupe za damu, vikabaki humo baada ya mtu kupona, kwa hiyo hata mashine hii inaweza kunusa moshi wa jiko lililozimwa. Faida yake ni kwamba haihitaji askari wa panya wanaoharibika kwa joto, na mdudu hawezi kuacha kutoa taka bila kufa njaa.

Nikasoma pia kwamba wanasayansi wanatengeneza kwa mikono yao kitu kinachofanana na kile anachokifanya mdudu tumboni. Huko Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, wamechanganya plastiki na chembe za magnetaiti, lile jiwe la chuma la asili ya sumaku, zikiwa ndogo za kupimwa kwa nanomita, wakapata utando unaougeuza mwanga sana hata kwa sumaku dhaifu. Lengo mojawapo ni kupima sumaku hafifu mno inayotoka kwenye moyo wa binadamu unapopiga, bila kumbandika mgonjwa nyaya. Kanuni hiyo hiyo ya Faraday, kwa nyuzi za kioo, hutumika kupima umeme kwenye njia kuu bila kuugusa waya. Kwa maoni yangu mambo haya ni ya ukoo mmoja na kiplastiki cha zahanati: chembe ya madini inafungwa pamoja na kitu laini cha asili ya viumbe au plastiki, kimoja kinatambua, kingine kinatoa habari. Ila utando wa Arizona haujafika Ujiji, na kiplastiki kimefika. Tanzania ilianza kukisambaza vituoni mwaka 2009, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.

Kwa hiyo nilirudi Ujiji kulipa deni. Mjukuu nilimkuta uani anakimbiza kuku. Siku ya nne ya ule mseto wa pili bibi alimbeba hadi hospitali, wakamvua shati wakamhesabu pumzi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni nyingi mno. Huyu alikuwa amezidi 50. Nimonia. Alilazwa siku tano.

Nilimweleza bibi habari ya protini inayobaki kama moshi. Alisikiliza, akaniuliza afanyeje siku nyingine. Nikamwambia atunze kadi, na kabla kidole hakijatobolewa aseme tarehe mtoto alipomeza mseto mara ya mwisho. Akiona mistari miwili ndani ya mwezi huo, aombe damu ipimwe kwa hadubini, kwa sababu hadubini inamtazama mdudu mwenyewe. Jibu la kiplastiki lisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kikaratasi chake, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kilichoachwa mezani mpaka mchana kinaweza kuota mstari kisiokuwa nao. Na mtoto anayepumua haraka au ambaye mbavu zinaingia ndani asisubiri mstari wowote.

"Na hiyo dhahabu?" akauliza. "Viplastiki vyote vile vinavyochomwa nyuma ya zahanati, dhahabu yake anachukua nani?"

Nikamwambia ni kidogo mno, hata sonara hawezi kuipata kwenye mizani yake. Hakuniamini sana. Akamwita mjukuu aje aniamkie, akaniuliza kama siku ile pale sokoni nilipata migebuka, maana kwa mazungumzo yetu nilikuwa nimeondoka mikono mitupu.